Yavuyavu ama Chandarua? Kisa cha Vazi Moja la Jukwaani Kisumu

"Fundi, hiyo neti ni ya kitanda cha nne kwa sita ama tano kwa sita?"

Mama aliyeuliza alikuwa amekuja kuchukua sare ya mtoto. Alichokielekezea kidole, kikining'inia darini kibandani kwangu huku Kondele, kilikuwa yavuyavu, yule mnyama wa baharini mwenye mwili wa ute: vazi la jukwaani nililolikeshea siku kumi na mbili. Nikamweleza kwamba hilo si la kulalia, ni maleba ya densi. Akalizunguka, akapapasa pindo lake, akatikisa kichwa kwa adabu. "Sawa. Lakini limetiwa dawa?"

Siku hiyo nilicheka. Siku nne baadaye, kwenye mazoezi ya ukumbini, kicheko kilikuwa kimekauka. Naandika kisa hiki kwa ajili ya mafundi wenzangu, maana kazi za aina hii zimeanza kutufikia sisi wa sare na nguo za harusi, na kosa nililolifanya ni la mtu anayejua kushona vizuri. Mwanafunzi wa cherehani asingelifanya, kwa kuwa asingethubutu kuipokea kazi yenyewe.

Wenye kazi walikuwa kikundi cha vijana wanaocheza densi. Walikuwa na mchezo wa dakika kumi na nane unaofuata mfuko mmoja wa plastiki: unatupwa mtaroni Kisumu, mvua inausukuma hadi Ghuba ya Winam, unavuka ziwa, unatokea Jinja, unashuka na Nile mpaka Mediterania. Huko kasa anaukuta ukielea, anadhani ni yavuyavu, anaula. Hilo la kasa si hadithi. Yavuyavu ni chakula cha kasa wa aina kadhaa, na mfuko ndani ya maji hufanana naye sana. Kenya imepiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini mitaro yetu haijamaliza kusoma tangazo hilo.

Kwa hiyo walitaka vazi ambalo mwanzoni ni mfuko, halafu mbele ya macho ya watu linakuwa kiumbe hai. Nilimuuliza kiongozi wao kwa nini wasichukue samaki wa huku, mbuta kwa mfano, ambaye kila mtu anamfahamu. "Mbuta tunamla, anti," akaniambia. "Tunataka kitu ambacho mtu akikiona ananyamaza kwanza." Akanionyesha picha kwenye simu, nyingi zikiwa za yale mashindano ya mavazi ya sanaa ya Nyuzilandi, World of WearableArt, yaliyoanzishwa na Suzie Moncrieff mjini Nelson mwaka 1987 na kuhamia Wellington mwaka 2005. Kulikuwa na mavazi kama matumbawe, kama pweza, kama samaki wa kilindini wenye taa. Nilizitazama picha zile usiku kucha kama mtu aliyepewa menyu ya hoteli asiyoimudu.

Na hapo ndipo nilipoanza kupotea, kwa sababu picha haigeuki, haipiti mlangoni, wala haitoki jasho. Picha ilinipa umbo tu, nami nikalishona umbo.

Vazi la kwanza lilikuwa hivi. Juu, helmeti ya bodaboda kuukuu, iliyotobolewa matundu na kufungwa mbavu nane za mwavuli mkubwa. Mbavu zikashuka hadi kwenye duara la nondo ya milimita 6, kipenyo mita moja na nusu, ili kuba lisimame wazi daima. Juu ya mbavu nikatandika pazia la neti, jeupe, tabaka mbili, na katikati ya tabaka hizo plastiki ya vipovu, ile ya kufungia televisheni, ili taa ndogo za LED zimetemete ndani yake. Chini, minyiri arobaini, ile mikono myembamba ya yavuyavu inayoning'inia: vipande virefu vilivyokatwa kwa mzunguko kutoka chupa za maji, vikapashwa moto kidogo juu ya jiko vikajikunja. Vyote hivi nilivishika kwa gundi ya kuyeyusha, kwa sababu sindano isingepita kwenye plastiki bila kuipasua. Mizani ya buchani jirani ilisema kilo sita na robo. Nikaona si nyingi.

Safari ya kwenda ukumbini ndiyo iliyoanza kunisomea mashtaka. Vazi lililazwa nyuma ya matatu tuliyoikodi, madirisha yamefungwa, gari likaegeshwa juani saa nzima huku tukimngoja mwenye funguo. Gundi ya kuyeyusha ndiyo hivyo ilivyo, joto huiyeyusha, na gari lililofungwa kwenye jua la mchana la Kisumu ni kama sufuria yenye kifuniko. Tulipofungua, minyiri kumi na moja ilikuwa imelala sakafuni. Kisha mlango wa nyuma ya jukwaa: upana wake sentimita themanini, na duara langu mita moja na nusu. Tukaligeuza ubavu, nondo ikakwaruza fremu, waya mmoja wa taa ukakatika.

Bado hayo ni madogo. Binti wa kulivaa akaingia ndani, taa zikawashwa, muziki ukaanza. Alitembea vizuri. Alipofika kwenye mzunguko wa kwanza, yeye akageuka, kuba likabaki nyuma. Akasimama, kuba likaendelea. Helmeti ikamzungukia kichwani hadi kamba ya kidevu ikawa chini ya sikio. Akajaribu tena polepole na safari hii ikawezekana, ila sasa alikuwa akicheza kama mtu aliyebeba sinia la mayai. Dakika ya sita akainua mkono. Tulipomvua, nywele zilikuwa zimelowa kama aliyetoka kuoga, na alisema anaona nyota. Tukamketisha, tukampa maji. Taa nazo zilikuwa zimezimika zenyewe muda mrefu bila mtu kugundua.

Watoto wa jirani waliokuwa wamejazana madirishani kututazama walikuwa na neno moja tu walilolirudia. Neti! Neti inatembea!

Jioni hiyo kulizuka ubishi ambao nauona una maana kuliko vazi lenyewe. Kijana mmoja wa kikundi alisema binti analegea tu: "Mama zetu wanabeba ndoo ya lita ishirini kichwani kutoka kisimani, anti, na wengine wana mtoto mgongoni. Hizi kilo sita ni nini?" Ni hoja nzuri na ilinisumbua. Ndoo ya lita ishirini ni kilo ishirini, na kweli mama anaibeba, tena anapiga soga njiani.

Lakini tazama anavyoibeba. Chini ya ndoo kuna kata ya kitambaa, imekaa sawasawa na uti wa mgongo. Ndoo ni nyembamba, uzito wake wote umekusanyika juu ya shingo. Na mama hageuki ghafla. Akiitwa kwa nyuma, anageuza mwili mzima kutoka miguuni. Vazi langu lilikuwa kinyume cha mambo yote matatu. Nondo ya milimita 6 ina uzito wa karibu gramu 222 kwa kila mita, na duara lile lilikula mita 4.7, yaani zaidi ya kilo moja, na kilo hiyo yote ilikaa ukingoni, sentimita 75 kutoka shingo ya binti. Ukaidi wa kitu kugeuka hukua kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Kilo moja iliyo sentimita 75 kutoka katikati ni ngumu kugeuza mara ishirini na tano kuliko kilo hiyohiyo ikiwa sentimita 15, yaani pale ilipo helmeti. Ngumu kuanza na ngumu kusimamisha. Mizani ya buchani haiwezi kukuambia habari hiyo, kwani yenyewe inapima nyama iliyotulia.

Kwa nini basi yavuyavu wa kweli hapati taabu na kuba lake? Kwa sababu halibebi. Zaidi ya asilimia 95 ya mwili wake ni maji, yupo ndani ya maji, na hana mfupa hata mmoja, wala moyo, wala ubongo. Bahari inambeba bure. Sisi tulimtoa baharini, tukamweka kilomita zaidi ya mia nane za barabara kutoka Mombasa, tukampa mifupa ya chuma, halafu tukamwambia binti wa watu awe ndiye bahari. Kila kosa nililoliorodhesha usiku ule, la uzito, la joto, hata la watoto kuona chandarua, lilirudi hapo hapo.

La chandarua hasa nililifikiria sana. Huku kwetu kando ya ziwa malaria haina msimu wa kupumzika, na kila nyumba ina kitu cheupe cha neti, cha duara juu, kinachoning'inia. Jicho la mtu wa Kisumu limekulia chini yake. Ukimwonyesha kuba jeupe la neti lililotulia, ataona kitanda, na hana kosa. Rangi ingesaidia kidogo. Ila tulipokaa na binti kutazama video fupi ya yavuyavu kwenye simu yake, sauti imezimwa, kilichoonekana wazi ni kwamba hakuna chandarua duniani kinachokwenda vile. Kuba hujibana upesi, maji yanasukumwa nje, mnyama anapanda. Kisha hufunguka taratibu, kwa uvivu. Misuli yake hufanya kazi ya kubana tu. Kufunguka hufanywa na ute mgumu wa mwili wenyewe, ambao ukishabanwa hutaka kurudi ulivyokuwa, kama godoro la sponji. Binti alianza kuhesabu kwa vidole kama anavyohesabu hatua za densi. Bana: moja. Achia: mbili, tatu, nne. Akarudia mara nyingi. Nami nikajua nashona nini.

Tulikuwa na siku tisa.

Kitu cha kwanza kilikuwa kumvua binti helmeti. Pale Kibuye, kwenye mitumba, nilipata begi la mgongoni la wapanda milima, limechanika mifuko yote lakini mkanda wake mpana wa kiunoni ulikuwa mzima. Nililikata mpaka nikabaki na mikanda na ubao wa mgongo. Nyuma nikasimamisha kijiti cha hema cha alumini kinachopanda hadi kiganja kimoja juu ya kichwa, na kuba likakaa juu ya kijiti hicho. Uzito ukahamia nyongani, mahali ambapo mtu ana mfupa mpana wa kuukalisha, na kichwa kikawa huru. Aligeuka, akainama, akacheka.

Mbavu ndizo zilizonila muda. Chuma kilikuwa hakifai, maana nilihitaji kitu kinachopinda na kurudi. Mianzi myembamba ilirudi vizuri ikavunjika siku ya pili. Jibu lilikuwa chini ya miguu yetu palepale Kibuye: ile mikanda ya plastiki inayofunga mabelo ya nguo. Belo likifunguliwa, mikanda hutupwa, na akina mama wengine huiokota kusukia vikapu. Ni myepesi, migumu, na kwa kuwa imekaa imezunguka belo kwa miezi, ina mkunjo wake ambao haitaki kuusahau. Ukiunganisha miwili migongo ikitazamana, mikunjo inapingana na unapata ubavu ulionyooka. Ukiiunganisha ikilala upande mmoja, unapata ubavu uliopinda, na ndio nilioutaka: tao la kuba lilikuja lenyewe, halikuhitaji duara la kulishikilia. Ncha niliziunguza kwa mshumaa zikawa butu, la sivyo zinakata kitambaa ndani ya wiki. Kila ubavu ukaingia kwenye ala ya kitambaa kilichokatwa mshazari, ikashonwa kwa cherehani ya kawaida.

Kisha kamba za kubana. Jaribio la kwanza lilikuwa na kamba nane, moja kwa kila ubavu, zote zikiingia kwenye viganja viwili. Binti alivuta mara tano mikono ikaanza kutetemeka. Tukaziondoa nne. Ikawa kwamba ukivuta mbavu nne zinazopishana, nne zilizobaki hufuata kwa sababu kitambaa kimezishika, tena hufuata kwa kuchelewa kidogo, na kuchelewa huko ndiko kulikofanya kuba lionekane laini na lenye uhai. Hilo sikulipanga. Kamba zilipita kwenye pete ndogo za pazia, zikashuka ndani ya mikono ya fulana hadi kwenye vishikio viwili vya mbao alivyovificha viganjani.

Hapa nilimkumbuka Loïe Fuller, Mmarekani aliyetikisa Paris kuanzia 1892 kwa kucheza ndani ya mita na mita za hariri. Mwaka 1894 alipata hataza huko Marekani ya vazi la wachezaji, lenye fimbo zilizofichwa ndani zikishikwa kwa mikono ili kitambaa kiende mbali kuliko mkono wenyewe unavyofika. Watu walimwona kama ua, kama moto, kama kipepeo, na kilichokuwa ndani ni mwanamke mwenye mabega yenye nguvu na vijiti viwili. Kiongozi wa kikundi alitaka kujua kama hiyo si kudanganya. Nilimwambia hata kasa alidanganywa, na huo ndio mchezo wao.

Kitambaa nacho nilikibadilisha. Neti nyeupe iliondoka, ikaja oganza: zambarau iliyofifia kwa ndani, na juu yake tabaka moja ya rangi ya maziwa, ili mwanga upite na rangi ionekane kama iko chini ya ngozi. Plastiki ya vipovu niliitoa yote, kwa kuwa vipovu ni hewa iliyofungwa, na hewa iliyofungwa ni blanketi. Juu kabisa, penye kijiti, niliacha tundu la upana wa sahani ili joto lipande litoke. Ukingoni, badala ya nondo, nilikunjia mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, ndani ya pindo huku nikikivuta kitambaa kadiri kinavyovutika. Ukikiachia kinajikunjakunja kama jani la sukuma wiki changa, na hiyo ndiyo mikunjo waliyo nayo yavuyavu. Mshipi niliununua Dunga, kwa wavuvi. Mzee aliyeniuzia aliuliza natega samaki gani, nikasema yavuyavu, akafikiri kidogo. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu kwa Kiluo, "huyo hayuko humu." Sikubishana naye, ingawa Ziwa Tanganyika lina yavuyavu wadogo wa maji matamu, na wapo waliozoea kudhani wanyama hawa ni wa chumvi tu.

Minyiri ilipungua kutoka arobaini hadi kumi na sita. Nusu ilibaki ya chupa, kwa ajili ya hadithi yao ya plastiki, nusu ikawa oganza. Yote ilishonwa. Kwenye chupa nilitoboa matundu kwa sindano iliyopashwa moto, kwa hiyo hazikupasuka tena. Gundi haikurudi.

Na zile taa zilizozimika? Tulidhani ni ule waya uliokatika, lakini hata baada ya kuuunga zilikuwa zinazima kila baada ya nusu dakika. Kosa lilikuwa pawa benki. Nyingi hujizima zenyewe zikiona umeme unaovutwa ni mdogo mno, zikidhani simu imejaa. Taa ishirini ndogo hazivuti kitu. Kibebeo cha betri tatu za AA, cha shilingi themanini, kilimaliza maneno.

Vazi la pili lilifika buchani likiwa kilo tatu na gramu mia nne, mkanda wa begi ukiwemo. Kuba likilegezwa linajikunja kama mwavuli, kwa hiyo mlango wa sentimita themanini lilipita limesimama.

Usiku wa onyesho, binti aliingia akiwa amebana kamba zote, kuba limesinyaa, minyiri imekusanywa kifuani: mfuko uliotupwa, basi. Alilala jukwaani dakika nzima na watu wakaanza kunong'ona. Kisha bana, achia mbili tatu nne. Mara ya tatu hivi ukumbi ulinyamaza. Nilikuwa nimesimama pembeni na taulo na chupa ya maji, na nilisikia mtoto mmoja akimuuliza mamake, "Ni nini hicho?" Mamake hakumjibu.

Hayakuisha yote. Joto bado ni kubwa ndani ya oganza, ni la kiwandani, halipumui kama pamba. Tuliafikiana asikae ndani zaidi ya dakika saba, na ikabidi wapunguze sehemu ya mwisho ya mchezo. Kiongozi hakufurahi, nami sikutetereka. Ubavu mmoja ulichomoka kwenye ala onyesho la pili. Vishikio vya mbao vilimtoa binti malengelenge, nikavifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Bei yangu ilikuwa shilingi elfu tisa, na nikihesabu vazi lililoharibika pamoja na hili, vifaa vyote vilikula elfu saba mia tatu na hamsini. Siku ishirini na moja za kazi ndizo zilizobaki kugawana ile iliyosalia. Safari ijayo nitatoza mara mbili, na nitamtaka mvaaji aje siku ya kwanza, kabla sijagusa mkasi, aniambie anageuka upande gani.

Kuba la kwanza lilikaa darini mwezi mzima. Yule mama wa sare alirudi kufunguliwa pindo la sketi, akaliona bado lipo, akatoa shilingi mia tatu. Nikamwonya kwamba halina dawa hata tone.

"Si la watu, fundi," akasema, akilibeba kichwani na nondo yake. "Ni la vifaranga. Mwewe wa kwetu hawana adabu."